Kadi inasema kilo 5,150, mizani inasema 6,420: niandikishe Fuso kwa uzito upi?

MamaHappy wa Pasua:

Habari zenu wakuu, na shikamoo kwa waliotutangulia barabarani.

Nipo Moshi, Pasua. Nimenunua Fuso ya ekseli mbili (mihimili miwili ya tairi, mbele na nyuma) kwa mtu aliyekuwa anabebea vifaa vyake mwenyewe vya ujenzi, kwa hiyo bado ina namba za njano. Nataka kuihamishia kwenye biashara: namba nyeupe, leseni ya mizigo, nianze kubebea watu vitunguu kutoka Arusha kwenda Dar. Fedha yake ni mkopo wa kikundi na ng'ombe watatu wa maziwa niliowauza, kwa hiyo kila kilo nitakayoitaja hapa inaniuma.

Gari lilikuja na bodi fupi ya chuma. Nikalipeleka karakana moja Arusha wanijengee bodi ndefu na yenye kimo, maana vitunguu vinataka nafasi na hewa. Niliuliza uzito utaongezeka kiasi gani, nikajibiwa "kama kilo mia tatu hivi mama, usiwe na wasiwasi". Hakuna aliyepima. Na mimi sikudai wapime, hapo nakubali ni kosa langu.

Safari ya kwanza nikapakia vitunguu vyangu mwenyewe, magunia 85, kwenye stoo Arusha. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: gunia kilo 100, magunia 85 ni tani nane na nusu, kadi inasema gari tupu ni kilo 5,150 na uzito wa jumla ni 15,000. Tani nane na nusu ukijumlisha na 5,150 unapata 13,650. Nikaona nimebakiza zaidi ya tani nzima. Nikakaa mbele na dereva, tukaondoka alfajiri.

Njiapanda ya Himo tukaingia mizani. Karatasi ikatoka: ekseli ya mbele 4,910, ekseli ya nyuma 11,540, jumla 16,450. Dereva akaanza kubishana kwamba gari la ekseli mbili linaruhusiwa tani 18 na sisi hatujafika hata 17. Binti wa mizani hakupandisha sauti. Aliweka kidole kwenye mstari wa ekseli ya nyuma akasema, "Mama, jumla yako ipo chini ya 18, lakini hii ya nyuma mwisho wake ni tani kumi." Nikalipa tozo, mzigo ukapunguzwa. Sitaki kuitaja tozo yenyewe, ila faida ya safari iliishia pale pale na kidogo cha mtaji juu yake.

Kuna jambo nililiona pale ambalo mpaka leo linanizungusha kichwa. Tulishusha magunia kumi ya mkiani. Tukarudi kupima: nyuma imeshuka mpaka 10,290, sawa, lakini mbele imepanda kutoka 4,910 hadi 5,000. Nimepunguza mzigo na mbele pameongezeka! Utingo alikuwa ameacha nafasi nyuma ya kebini ya kulala yeye na kuweka turubai. Tukahamishia pale magunia manane, tukapima mara ya tatu: mbele 5,550, nyuma 9,740. Tukaruhusiwa. Magunia kumi yakabaki Himo kwa ndugu yangu, nusu yake yalioza kabla sijayafuata.

Niliporudi nikalipima gari tupu, tangi limejaa, hakuna mtu ndani. Mbele 2,980, nyuma 3,440. Jumla 6,420. Yaani bodi imeongeza kilo 1,270 juu ya kile kilichoandikwa kwenye kadi.

Sasa nipo kwenye kubadilisha usajili. Dalali anayenishughulikia makaratasi ananiambia niache kadi ilivyo, na kwenye leseni tuandike uwezo mdogo wa kubeba ili ada iwe ndogo, "mizani hawasomi kadi". Mwingine ananiambia niandike uwezo mkubwa kabisa ili wateja waniamini. Naomba wenye uzoefu mniambie: uzito upi ndio wa kuandikisha, na unapatikanaje kihalali? Na lile la mbele kupanda, mizani ilikuwa mbovu?

---

Kipanga_Majengo:

Mama yangu unajisumbua. Andika tani ndogo, lipa ada ndogo, barabarani mtajuana na mizani. Wenye magari karibu wote ndivyo wanavyofanya. Halafu sisi tulishaambiwa road licence imeingizwa kwenye mafuta, kwa nini tulipe tena kwa tani?

---

Babu wa Sakina:

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa vitunguu.

Nimeendesha malori tangu enzi ambazo Segera hadi Same ulikuwa unasafiri na jembe la kujichimbulia. Sasa nina Isuzu yangu moja, kijana wangu ndiye anaiendesha. Nianze na huyu kijana wa Majengo, maana ushauri wake utakupeleka pabaya.

Kijana, unachanganya vitu viwili. Ile ada ya gari ya kila mwaka ndiyo iliyofutwa mwaka 2017, ikahamishiwa kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita. Leseni ya kusafirisha mizigo ni kitu kingine kabisa. Ilikuwa kwa SUMATRA, na tangu sheria ya 2019 ipo kwa LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, na ada yake hutazama uwezo wa gari kubeba. Usajili wenyewe, kadi na namba, hiyo ni kazi ya TRA, watu wa mapato. Na mizani ni TANROADS, wakala wa barabara. Milango mitatu, kila mlango na karatasi yake, lakini gari ni lile lile moja, na siku likitokea la kutokea karatasi zote tatu zitawekwa juu ya meza moja.

Mama Happy, sasa sikiliza kuhusu kadi. Kwenye kadi kuna namba mbili ambazo watu huzichanganya. Kuna uzito mtupu, yaani gari likiwa halina mzigo. Huo unabadilika ukijenga bodi, kwa sababu umeongeza chuma. Na kuna uzito wa jumla, gari na mzigo pamoja, unaotokana na kiwanda kilivyounda chasisi, ekseli, springi na breki. Huo haubadiliki kwa sababu fundi amechomelea bodi ndefu. Yako imeandikwa 15,000. Fungua mlango wa dereva au angalia ndani ya kebini utafute kile kibati cha kiwandani, ulinganishe. Zikitofautiana, fuata kibati na uliulizie hilo kabla ya kulipa shilingi yoyote.

Kwa hiyo uwezo wako wa kweli ni 15,000 toa 6,420. Ni kilo 8,580. Humo ndani toa dereva, utingo, turubai, kamba na minyororo, kama kilo 250 kwa ujumla. Unabaki na kama kilo 8,330 za vitunguu. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo ofisini. Kadi ya zamani ilikuwa inakudanganya kwamba una kilo 9,850.

Mimi nilipobadilisha bodi ya Isuzu nilianza kwa mkaguzi wa magari wa polisi. Alilikagua gari lenyewe, siyo picha. Nilikuwa na karatasi ya mizani mkononi, ya gari tupu, yenye tarehe na namba ya gari. Ndipo nikaipeleka ripoti yake mapato, taarifa za kadi zikarekebishwa. Nilienda mwenyewe. Sikumwachia dalali, maana dalali hajui gari lako lina uzito gani wala halimhusu. Ukishapata kadi iliyosahihishwa ndipo uende kwenye leseni, na bima uikate kwa kadi hiyo hiyo.

Na hiyo bima ndiyo inayonifanya niandike marefu hivi. Mwaka fulani jirani yangu alianguka mteremkoni na mzigo wa mahindi. Hakuna aliyekufa, tunamshukuru Mungu. Leseni ilisema tani tano, mzigo ulikuwa zaidi ya nane. Alizungushwa na madai yake mpaka akakata tamaa, na gari aliliuza vipande vipande. Aliokoa ada kidogo kila mwaka, akapoteza gari zima. Ndiyo maana nasema usiandike pungufu.

---

Fundi Springi, Njiro:

Dada MamaHappy, mizani haikuwa mbovu hata kidogo. Ngoja nikueleze kwa mfano wa nyumbani.

Chukua pembea ya watoto, lile gogo. Ekseli ya nyuma ndiyo kitovu cha pembea. Magunia yaliyokaa nyuma ya ekseli ile, kwenye mkia wa bodi, yanakandamiza upande wa nyuma na yanainua upande wa mbele. Yaani yanaikalia ekseli ya nyuma kwa uzito wao wote, halafu yanaiongezea na ule yanaoupunguza mbele. Ukiyashusha, mbele inarudi chini. Angalia namba zako: ulishusha magunia kumi, jumla ikapungua kilo 1,160, lakini ekseli ya nyuma ikapungua 1,250. Zile 90 za tofauti ndizo zilizorudi mbele. Inakubaliana mpaka kilo ya mwisho. Mizani ile ilikuwa inakwambia ukweli.

Tatizo lako ni bodi kuwa na mkia mrefu. Karibu kila Fuso inayokuja kwangu springi za nyuma zimevunjika, nikiinama chini nakuta mkia umerefushwa. Watu wanarefusha bodi upande wa nyuma kwa sababu mbele kuna kebini, hakuna pa kwenda. Kila futi ya mkia ni mzigo kwa ekseli moja tu. Dereva wako naye anaujua uzito wa jumla, tani 18, na hakukosea kwamba ndio mwisho wa barabarani kwa ekseli mbili (ile 15,000 ni mwisho wa kiwanda kwa gari lako). Lakini hizo 18 zimegawanywa: 8 za mbele kwenye tairi mbili, na 10 za nyuma kwenye tairi nne. Huwezi kuazima za mbele ukazitumia nyuma.

Sheria tunayotumia sasa ni ile ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika hapa kwetu 2019. Kwenye ekseli kuna kuvumiliana kwa asilimia 5, kwa hiyo nyuma ukifika 10,500 wanakuelewa. Kwenye uzito wa jumla hakuna huo uvumilivu. Na tusiupakie ule uvumilivu kama mzigo, dada. Umewekwa kwa ajili ya mzigo kusogea njiani. Wewe ulikuwa na 11,540.

Na hapo naomba niseme jambo la barabara, maana nalipenda na watu hawalisikii. Wahandisi walifanya majaribio makubwa kule Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, malori yakizunguka usiku na mchana juu ya lami za aina mbalimbali. Walichokuta ni kwamba uharibifu wa lami haupandi sawa na uzito wa ekseli. Unapanda karibu na kipeo cha nne, yaani kama uzito x uzito x uzito x uzito. Ekseli yako ilizidi kwa asilimia 15 tu, lakini ukipiga hesabu, ule mpito mmoja umeila lami kwa kiasi cha mipito karibu 1.8 ya ekseli halali. Ukipita pale mahali malori yanapopunguza mwendo unaona lami imejikunja kama kanga iliyokaliwa. Ni ekseli za nyuma hizo, siku baada ya siku. Ndiyo maana wanapima ekseli moja moja.

Ushauri wangu: kabla hujaandikisha huo uzito wa 6,420, rudi ukakate mkia. Ukiandikisha leo halafu ukakata mwezi ujao, utaanza makaratasi upya.

---

Neema_Stoo_Kilombero:

Mimi sina gari, nina stoo ya vitunguu Arusha. Dada, naona kila mtu anaongelea gari na hakuna aliyeongelea gunia.

Toa hesabu: 16,450 toa gari 6,420, toa watu watatu mlioketi mbele, tuseme kilo 200. Inabaki 9,830. Gawanya kwa 85. Ni karibu kilo 116 kwa gunia. Ulidhani umebeba magunia ya kilo 100, umebeba lumbesa, magunia yaliyojazwa kupita kipimo. Kilo 16 kwa kila gunia mara 85 ni zaidi ya tani moja na robo ambayo hukuilipia usafiri wala hukujua ipo.

Lumbesa imekatazwa na sheria ya vipimo, gunia la mazao mwisho wake ni kilo 100, na Wakala wa Vipimo wanapita masokoni. Lakini vitunguu vinavyotoka Mang'ola vinafika hapa na kilemba juu, wavu umeshonwa kama kofia ya pili. Mkulima amepunjwa kule, wewe umepigwa tozo Himo. Anayepata ni aliyenunua kwa gunia na kuuza kwa kilo. Linaniudhi sana jambo hili, kwa sababu kila siku naona wanawake wanaolima wakishonewa kilemba mbele ya macho yao na wanalazimika kukubali.

Kwangu nina mizani ya jukwaa, stika yake ya mwaka huu ipo. Nikipakia gari napima magunia kumi yoyote, nachukua wastani, naandika kwenye karatasi anayoondoka nayo dereva. Inachukua robo saa. Waombe wa stoo yako wafanye hivyo. Kwa gunia la kilo 116 gari lako linachukua magunia 71 tu kwa ile hesabu ya mzee. Kwa gunia la 100 ni 83.

---

Kipanga_Majengo:

Nimesoma yote. Hilo la jirani kuzungushwa na bima sikulifikiria, na la lumbesa nimelikubali, nimeliona kwa macho. Lakini mzee, ukiandika uwezo wa kweli si unalipa zaidi kuliko mwenzako aliyedanganya, halafu mnagombea mteja mmoja?

---

Babu wa Sakina:

Unalipa zaidi, ndiyo. Sikufichi kijana wangu. Lakini gawanya ile tofauti kwa safari za mwaka mzima uone inakuwa kiasi gani kwa safari moja, halafu iweke pembeni ya tozo moja ya mizani. Mimi nimefanya hesabu hiyo kwa Isuzu yangu, na tofauti ya ada haikufika bei ya kula njiani, dereva na utingo.

Kuhusu mahali pa kupimia, Mama Happy, usitumie karatasi ya mizani yoyote tu. Kampuni za nafaka na viwanda vina mizani ya magari, wanapima kwa ada ndogo. Kabla hujapanda, angalia kama ina stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu. Waambie wapime mara tatu: tairi za mbele peke yake, gari zima, kisha za nyuma peke yake. Mbele na nyuma zikijumlishwa zikaribiane na ile ya gari zima. Zikipishana sana, ujue gari halikukaa sawa au mizani ina shida, rudia. Na waandike kwenye karatasi tangi lilikuwaje na tairi ya akiba ilikuwepo. Karatasi isiyosema hayo mkaguzi anaweza kuikataa.

---

MamaHappy wa Pasua:

Shikamoo tena mzee wangu, na asanteni wote. Nimekaa kimya wiki tatu kwa sababu nilikuwa nafanya kazi mliyonipa.

Kibati kipo, ndani ya kebini upande wa abiria, kilifunikwa na rangi. Nilikisugua kwa mafuta ya taa mpaka namba zikatokea. 15,000, sawa na kadi. Nililia kidogo pale peke yangu, maana nilishaogopa kwamba hata hiyo itakuwa ya uongo.

Fundi Springi, nimekata mkia. Sikurudi kwa wale walionijengea, nilitafuta fundi mwingine. Tumetoa sentimita 60 nyuma, na zile bomba mbili za juu ambazo hazikuwa na kazi yoyote zaidi ya kupendeza. Nilisimama pale mpaka kipande cha mwisho kinaanguka. Kisha nikalipeleka mizani, yenye stika, kwa utaratibu wa mzee: mbele 3,010, nyuma 3,080, jumla 6,090. Mbele imepanda kilo 30 kwa kukata chuma cha nyuma, na safari hii nilijua kwa nini kabla karatasi haijatoka. Nikamweleza na dereva, naye akamweleza utingo. Nafasi ya kulala nyuma ya kebini haipo tena.

Nimemwondoa dalali. Mkaguzi ameshaliona gari, karatasi yake ninayo, Jumatatu napeleka mapato. Nimeandika uzito mtupu 6,090, na uwezo wa kubeba kwa hesabu hiyo hiyo, bila kupunguza wala kuongeza.

Neema, nimezungumza na wa stoo yangu. Amesema atapima, lakini wauzaji wake watanung'unika. Nimemwambia basi nitakuja kupakia kwako. Upo upande gani wa soko, na unafungua saa ngapi?

---

Neema_Stoo_Kilombero:

Nafungua saa kumi na moja alfajiri dada, karibu sana. Nitakutumia maelezo ya njia kwa ujumbe wa pembeni. Njoo na magunia matupu yako, nitakushonea bila kilemba.